Siku Waliyotunzwa Uwele Stars

Ukimsikia mtu akisema "Mcheza kwao hutunzwa," jua mara nyingi ana noti kichwani. Mtu akiingia uwanjani kwao, akatikisa mabega mpaka wazee wakaacha viti, atabandikwa fedha kwenye paji la uso, atafungwa khanga kiunoni, na mwenye zizi atamletea mnyama. Ngoma hiyohiyo akiipeleka ugenini, atapigiwa makofi mawili matatu, kisha ataulizwa anaondoka lini. Hiyo ndiyo maana tuliyofundishwa shuleni, na ni ya kweli. Lakini neno kutunza lina upande wa pili, na watu wa Kongwa walichelewa kuuona huo upande wa pili. Walipokuja kuujua, timu yao ilikuwa imekwisha kuumia.

Timu yenyewe ni Uwele Stars, na uwanja wao ni Uwanja wa Karanga. Zamani Waingereza walikuja na matrekta kulima karanga katika nyika ile, karanga zikagoma, matrekta yakaondoka, likabaki eneo tambarare la udongo mwekundu ambalo hakuna aliyejua la kulifanyia. Vijana wakasimika magoli. Wazee wa Kongwa hupenda kusema kwamba karanga zilikataa kuota pale, lakini mpira uliota bila mbolea.

Jina la Uwele walipewa kwa dhihaka. Timu za mjini ziliwaita wala uwele, yaani washamba wasiojua sembe nyeupe. Badala ya kununa, wakalichukua jina wakalishona kifuani, kwa uzi wa njano, wakaenda kumfunga kila aliyecheka. Ipo siku wanayoisimulia mpaka leo: timu moja kutoka pwani ilikuja na basi lenye viyoyozi kwa mchezo wa kirafiki, ikafungwa mawili bila, ikaondoka na vumbi masikioni. Siku hiyo kipa wa Uwele alivishwa khanga nyingi kiasi kwamba mkewe alimpita bila kumtambua. Kila ushindi mkubwa wa timu hiyo una hadithi yake ya kutunzwa, kwa sababu Wagogo, wenyeji wa Kongwa, mpira nao wanaucheza kama ngoma, na anayecheza vizuri hawezi kuachwa arudi kwake mikono mitupu.

Siku kubwa kuliko zote, ambayo pia ndiyo iliyouma kuliko zote, ilikuwa ya Pantaleo Ndahani.

Pantaleo wakati huo alikuwa mshambuliaji, kijana mwenye miguu myepesi na mdomo mzito. Uwele Stars walihitaji ushindi mmoja tu wapande daraja. Dakika zikiwa zimebaki chache, Pantaleo aliupokea mpira kwa kifua, akamzungusha beki, akaupiga ukalala kwenye kona ya goli. Loo! Kongwa nzima iliingia uwanjani. Waliingia wanaume kwa wanawake, noti zikabandikwa, vigelegele vikapanda, na mzee mmoja akaja akimburuta beberu mweusi mpaka katikati ya uwanja ili amkabidhi mfungaji. Mwamuzi alipiga filimbi mpaka mashavu yakamuuma. Aliwasihi watoke. Nani angemsikiliza, na furaha ile? Watu walidhani filimbi nayo ni sehemu ya ngoma. Mwishowe mwamuzi aliuchukua mpira wake, akauvunja mchezo, na baadaye ushindi wakapewa wageni. Uwele Stars hawakupanda. Pantaleo alirudi nyumbani akiwa na mbuzi.

Tangu siku hiyo hakukuwa na mnada wa ng'ombe ambao Pantaleo angeweza kupita bila kuulizwa, "Ee bwana, yule mbuzi wa daraja hajambo?" Watu walicheka, naye alicheka nao, lakini ndani alikuwa na kidonda. Aliwapenda watu wake, hilo halina ubishi, na aliwaogopa kuliko beki yeyote aliyewahi kumvunja ugoko. Magoti yalipochoka akawa kocha. Akaijenga timu upya, msimu baada ya msimu, mpaka mwaka huu ambapo Uwele Stars walifika tena palepale: mchezo mmoja, nyumbani, dhidi ya Mshikamano ya Singida. Wakishinda wanapanda. Wakitoka sare, wanaopanda ni Mshikamano.

Wiki ya mchezo huo alikuja kamisaa wa mchezo, kutoka chama cha mpira, kukagua uwanja. Alikuwa mtu mpole mwenye miwani, asiyependa maneno mengi. Aliizunguka kamba ya katani iliyofungwa kwenye nguzo kuzunguka uwanja, akaivuta kwa kidole kimoja.

"Huu ndio uzio wenu?" akauliza.

"Ndio, mzee," alijibu mwenyekiti wa timu, Sostenes, akikunja tai yake ambayo upepo ulikuwa ukimpiga nayo usoni.

"Historia ya uwanja huu naijua. Sasa nisikilizeni. Mshabiki mmoja akiivuka kamba hii mpira ukiwa unachezwa, mchezo umekwisha, na wageni wamepata pointi zote. Mkiona hamuwezi, uwanja wa mjini una ukuta. Niambieni kabla ya kesho jioni."

Kikao kilifanyika alasiri hiyohiyo katika chumba cha timu, nyuma ya mashine ya kusaga. Sostenes alitaka wahamie mjini. Wajumbe wengine walisitasita, wakatazamana, wakamtazama kocha. Pantaleo aliunyoosha mkono juu kabla hata ya kuulizwa.

"Tuhame," akasema. "Kule kuna ukuta."

Hapo mlango ukabishwa hodi, na kabla hajakaribishwa mtu, akaingia Mama Scolastika, kiongozi wa kinamama wa muheme, zile ngoma ambazo wanawake wa Kigogo huzibana kwa mapaja wakazipiga mpaka ardhi ikajibu. Mama huyu alikuwa mfupi, mpana, na ulimi wake haukuwahi kulala na njaa.

"Shikamoo, mama," wajumbe walisema kwa pamoja.

"Marahaba. Nasikia mna harusi, mnataka mkaifanyie kwa jirani."

"Si hivyo, mama," Sostenes alijitetea. "Tunaogopa yasitupate yale ya mwanzo."

"Aliyekuuliza wewe nani? Namuuliza huyu mwenye mbuzi." Akamgeukia Pantaleo. "Baba, ni kweli unawakimbia watu wako?"

Pantaleo alitazama sakafu. Alikuwa amechoka kulificha jambo lile. "Mama, nitasema ukweli. Watu wangu nawapenda, lakini siwaamini. Vijana hawa wametoka jasho msimu mzima. Tukifunga goli, nikageuka nikaona kamba imekatika, nitakufa mara ya pili. Siwezi."

Scolastika hakucheka, ingawa wengi walitegemea atacheka.

"Siku ile ulitunzwa vibaya," akasema taratibu, "ila waliokutunza hawakuwa watu wabaya. Huko mjini nani atakupigia ngoma? Vijana wataangaliwa na ukuta. Ukuta haujui hata majina yao! Wewe fundisha mpira. Kamba niachie mimi."

"Utaleta mgambo?" Sostenes akauliza.

"Mgambo anarukwa. Nitaleta watu ambao hawarukwi." Akajifunga khanga vizuri, akatoka, wala hakusema ni watu gani.

Kikao kikaisha bila uamuzi, na Pantaleo akaenda mazoezini. Aliwakuta vijana wameketi katikati ya uwanja, hawajafunga hata viatu. Winga wake, Noeli, kijana mrefu mwenye miguu ya korongo, ndiye aliyesimama.

"Kocha, ni kweli tunahama?"

Pantaleo aliwatazama. Vijana hawa walikijua kila kishimo cha Uwanja wa Karanga. Walijua kwamba upepo wa jioni husukuma mpira kuelekea goli la kaskazini, na kwamba upande wa kushoto, yalikoegeshwa matrekta zamani, ardhi ni ngumu na mpira hudunda juu kuliko mgeni anavyotarajia. Kuwahamisha kulikuwa sawa na kumnyang'anya mkulima shamba siku ya mavuno. Aliogopa, na palepale aliona aibu kwa kuogopa kwake.

"Nani kasema tunahama?" akafoka. "Funga viatu!"

Siku ya mchezo, Kongwa ilifunga maduka. Watu walikuja kwa bodaboda, kwa malori ya mnada na kwa miguu, wengine kutoka Mpwapwa, na hata wale ambao mpira hawaujui walikuja kwa sababu hawakutaka kusimuliwa. Kinamama wa muheme walifika mapema kuliko wote. Pantaleo alimwona Scolastika akitembea kandokando ya kamba akiwapanga mmojammoja, anasimama, anatazama watu waliokaa nyuma, anatikisa kichwa, anamwondoa mama huyu anamweka yule. Akafikiri labda anatafuta mlio mzuri wa ngoma.

Kisha akaona jambo ambalo halikumfurahisha hata kidogo. Mbele ya benchi la ufundi, pale kwenye mwanya wa kamba ambao wachezaji wa akiba hupitia, Scolastika alikuwa amemketisha Bibi Emiliana na ngoma yake. Bibi Emiliana ni mama mzazi wa Angelina, mke wa Pantaleo. Ni mkwe wake.

"Shikamoo, mama," Pantaleo alisema akiinamisha kichwa. "Hapa jua litakuumiza. Kwa nini usikae kule kwenye kivuli cha turubai?"

"Jua nimelizoea, baba," Emiliana alijibu kwa upole, akaibana ngoma yake vizuri.

Basi kocha wa Uwele Stars, ambaye tangu awe kocha waamuzi wa mkoa mzima walikuwa wakimjua kwa sauti ya matusi yake, alikaa kipindi chote cha kwanza magoti yamebanwa kama mwali. Beki wake alipopoteza mpira kizembe, Pantaleo alifungua mdomo, akamwona mkwe wake, akaufunga. Mwamuzi alipowanyima penalti ya wazi, alisimama, akakohoa, akasema, "Mwamuzi, tafadhali." Wachezaji wa akiba walikaribia kupasuka kwa kicheko.

Mchezo wenyewe ulikuwa mgumu. Mshikamano walikuwa na miili na walijua kupoteza muda, kila aliyeguswa alilala chini akisubiri machela. Mpira wao mmoja uligonga mwamba, Kongwa nzima ikashika vichwa. Mpaka mapumziko hapakuwa na goli. Kipindi cha pili upepo ulianza kusukuma kaskazini, na kinamama wakabadili mdundo. Mapigo yakawa mazito na ya haraka, na wale vijana, waliokua wakilala migongoni mwa wanawake haohao wakati ngoma hizo zikipigwa, walianza kukimbia namna ambayo hawakuwahi kukimbia mazoezini. Mabeki wa Mshikamano wakaanza kupigiana kelele wenyewe kwa wenyewe.

Zilipoingia dakika za lala salama, bado hapakuwa na goli. Kipa wa Uwele aliubutua mpira mrefu upande wa kushoto. Beki wa Mshikamano aliusubiri autulize kwa kifua, kama ambavyo angefanya kwenye uwanja wowote wenye adabu, lakini pale ndipo palipokuwa na ile ardhi ngumu ya matrekta. Mpira ulidunda ukampita juu ya kichwa. Noeli alikuwa ameshaanza kukimbia kabla haujatua. Aliuchukua, akaingia ndani, akamtazama kipa, na kwa mguu wa kushoto akaupitisha chini ya tumbo lake.

Goli!

Kongwa ilisimama kama mtu mmoja, ikaja. Ilikuja ikipiga mayowe, noti mikononi, jogoo makwapani, watu nyuma wakiwasukuma wa mbele, na vumbi likapanda mpaka jua likafifia. Mwamuzi alipeleka filimbi mdomoni. Kamisaa alisimama kwenye meza yake akavua miwani.

Na hapo ndipo watu walipofika kwenye kamba wakakuta wamekabiliana na wakwe zao.

Gabrieli muuza nyama, mtu wa miraba minne, alikuwa ameshanyanyua mguu kuivuka kamba. Akaangalia chini kuona pa kukanyaga, akakutana na macho ya Bibi Mwamvua, mama wa mke wake, aliyeketi hapo akipiga ngoma kana kwamba hakuna lililotokea. Mguu ulibaki hewani. Kisha ukashuka taratibu, upande uleule ulikotoka.

"Shikamoo, mama," Gabrieli alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba, baba. Watoto hawajambo?"

Haikuwa Gabrieli peke yake. Uwanja mzima, kandokando ya kamba yote, palisikika shikamoo, shikamoo, shikamoo, kama watu wanaotoka kanisani. Scolastika alikuwa amempanga kila mama mbele ya mume wa binti yake. Na wale vijana ambao hawajaoa, waliojidhani wako huru, kila mmoja alikuta mbele yake mama wa binti anayemnyemelea, na wengine ndiyo kwanza wakajua kwamba siri yao haikuwa siri. Kamba ya katani mtu anaivuka bila hata kuikumbuka kesho. Mkwe, Mgogo atamruka vipi? Huko ni kutafuta laana akiwa mzima. Waliokuwa wakisukuma nyuma walisikia wa mbele wakirudi kinyumenyume kwa heshima, nao wakasimama.

Mtu mmoja tu katika uwanja ule alikuwa bado anakimbia. Alikuwa ameuruka mfuko wa maji, ameangusha kiti, mikono imepanuka, machozi yanamtoka, anakwenda kumkumbatia Noeli katikati ya uwanja. Alikuwa Pantaleo mwenyewe.

"Baba!" sauti ikaita. "Unakwenda wapi?"

Pantaleo alifunga breki mpaka viatu vikachimba udongo. Alikuwa amesimama mbele ya ngoma ya Bibi Emiliana, hatua moja kutoka mstarini. Alitazama kulia akaona kamba imenyooka. Akatazama kushoto, imenyooka. Maelfu ya watu wake walikuwa wamesimama nyuma yake wakimtazama yeye, kocha wao, aliyekuwa amewaogopa kwa miaka yote hiyo, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amevuka. Wa kwanza kutaka kuvuka alikuwa yeye.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba. Rudi ukae. Mpira haujaisha."

Akarudi akakaa. Watu waliomwona wakaangua kicheko, na kicheko hicho, kwa mara ya kwanza tangu habari ya mbuzi, hakikumchoma. Alicheka na yeye mpaka akajishika mbavu. Filimbi ya mwamuzi ikashuka kutoka mdomoni bila kulia.

Mshikamano walijitupa mbele kwa nguvu zote zilizobaki. Walipata mpira wa adhabu karibu kabisa na goli, ukapigwa, ukapinda, na kipa wa Uwele akaruka akautoa kwa ncha za vidole. Ngoma hazikunyamaza hata pigo moja. Kisha mwamuzi akapuliza, mara tatu, ndefu, akanyoosha mikono kuelekea katikati ya uwanja.

Watu bado hawakusogea. Walikuwa wanamsubiri Scolastika. Alisimama, akajipangusa vumbi, akaufungua mwisho wa kamba kwenye nguzo, akauachia ukaanguka.

"Haya," akasema. "Sasa mkatunze."

Acha bwana! Siku hiyo Noeli alibandikwa noti mpaka usoni hapakuonekana ila meno. Khanga zilirushwa, jogoo wakagawiwa, magunia ya uwele yakatua mbele ya wachezaji, na kipa akatangaziwa mtamba na mtu ambaye jana yake walikuwa wamenuniana. Hata wageni wa Mshikamano waliondoka na kuku wao, maana mgeni aliyecheza vizuri naye asirudi na njaa. Kamisaa alipita katikati ya vurugu ile ya furaha akimtafuta Pantaleo ampe mkono.

"Nimesimamia michezo kwenye viwanja vyenye kuta na nyaya za miba," alisema, "na watu wanaruka. Ninyi mmeweka nini hapa?"

"Wakwe," Pantaleo alijibu.

Kamisaa alifikiri kidogo, akamkumbuka wake mwenyewe, akaitikia kwa kichwa.

Bibi Emiliana hakumkaribia mkwewe, maana heshima ni ya pande mbili. Aliivua khanga yake mpya mabegani, akampa binti yake Angelina amfunge mumewe. Akanena kwa sauti ambayo Pantaleo aliisikia vizuri.

"Mwambie mumeo hivi. Siku ile tulimpa, tukasahau kumlinda. Leo tumemlinda kwanza, ndipo tunampa. Yote mawili ni kutunza, na kwao ndiko anakoyapata yote mawili."

Angelina akaifunga khanga ile kiunoni mwa mumewe, akaikaza. Pantaleo Ndahani hakuyaficha machozi yake. Alisimama katikati ya Uwanja wa Karanga, kifua mbele, timu yake imepanda daraja, na watu aliokuwa hawaamini wakimwita kwa jina lake kutoka kila upande. Kisha kinamama wakaanza upya mdundo, naye, kwa magoti yale yale mabovu, akaanza kutikisa mabega.

Ama kwa hakika, mcheza kwao hutunzwa.